Kazi Imfuate Mtu Hadi Kijijini

Kila askari anayesoma ukurasa huu anaijua siku ya barua ya uhamisho. Bwana hupandisha sanduku lake juu ya lori, na bibi, ambaye labda alikuwa karani wa hesabu au mshonaji mwenye wateja wake, huanza upya kutafuta riziki katika mji asiojua mtu. Wengine hukata shauri mama abaki kule kule kwenye kazi yake, na watoto wakamwona baba mara mbili kwa mwaka. Jambo hili tumelizoea hata tukalidhani ni amri ya maumbile: kazi hukaa mahali pake, na mtu ndiye anayeifuata.

Ipo nchi moja iliyoijua adha hiyo kuliko nyingi, nayo ni Ireland. Katika kaunti yake iitwayo Leitrim, hesabu ya watu ya mwaka 1841 ilikuta roho zaidi ya 155,000. Hesabu ya mwaka 2016 ilikuta 32,000 hivi. Njaa kubwa ya viazi iliyoanza mwaka 1845 iliua wengi na kuwafukuza wengine, lakini hata njaa ilipokwisha vijana hawakuacha kuondoka, kizazi baada ya kizazi, kwenda Dublin, London na Marekani. Wazee walibaki na ng'ombe wao na mvua.

Sasa, ndugu msomaji, tazama walivyolishika jambo hili. Mwezi wa Machi 2021 serikali ya nchi hiyo ilitangaza mpango wa maendeleo ya mashambani, na ndani yake iliahidi vituo zaidi ya 400 vya kufanyia kazi za mbali. Kituo cha namna hiyo si kitu cha ajabu. Ni nyumba yenye meza, viti, umeme usiokatika, mashine ya kunakili, chumba cha mkutano, na juu ya yote intaneti ya kasi. Mtu aliyeajiriwa na kampuni ya Dublin hukodi meza kwa siku au kwa mwezi, akafanya kazi yake hapo, na jioni akarudi kwake kwa miguu kula chakula na wanawe. Serikali hiyo ilijiwekea pia lengo kwamba watumishi wake 20 katika kila 100 wawe wanafanya kazi kwa mbali kufikia mwisho wa mwaka 2021. Mimi mtumishi wa serikali nimelisoma shabaha hilo mara mbili, kwani kwa kawaida sisi ndio wa mwisho kuachia kiti.

Mfano wao ulikuwa umekwisha onekana katika mji mdogo wa Skibbereen, kusini, ambako mwaka 2016 wenyeji walifungua kituo ndani ya jengo lililokuwa la kuokea mikate. Walikiita Ludgate, kwa heshima ya Percy Ludgate, mzaliwa wa hapo, ambaye mwaka 1909 alichapisha maelezo ya mashine ya kukokotoa hesabu yenyewe, wakati ambapo kompyuta ilikuwa haijazaliwa. Baadaye vituo vya nchi nzima viliunganishwa chini ya jina la Connected Hubs, na zaidi ya 300 vimejiunga.

Lakini meza bila waya ni fanicha tu. Hapa ndipo gharama ilipo. Makampuni ya simu hupeleka waya penye watu wengi, kwa sababu huko faida iko karibu. Shamba lililo peke yake bondeni halimvutii mwenye mtaji. Kwa hiyo mwezi wa Novemba 2019 serikali ilitia sahihi mkataba wa kupeleka nyaya za kioo, ambazo sisi tumezoea kuziita mkongo, kwa nyumba, mashamba na shule zaidi ya 500,000 ambazo soko liliziacha. Muda uliowekwa wa kujenga ulikuwa miaka saba. Fedha za umma zilizotengwa zilikaribia euro bilioni tatu, na makelele yalikuwa makubwa. Waziri aliyeusimamia mpango huo alijiuzulu mwezi wa Oktoba 2018 kwa sababu ya kukutana na upande wa mwombaji wa zabuni, na maofisa wa wizara inayosimamia matumizi ya serikali walishauri kwamba mkataba usitiwe sahihi. Kazi nayo ilipoanza ilikwenda polepole kuliko ilivyoahidiwa.

Waliotetea gharama hiyo waliwakumbusha watu habari ya umeme. Tarehe 5 Novemba 1946 nguzo ya kwanza ya umeme wa mashambani ilisimikwa Kilsallaghan, si mbali na Dublin. Wakati huo maofisa walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani atajiandikisha, na parokia iliyokuwa na wengi waliokubali ndiyo iliyotangulizwa. Wako waliokubali kisha wakakana mafundi walipofika mlangoni, kwa kuogopa ada ya kila mara, au kuogopa tu kwamba nyumba itaungua. Leo hakuna anayeuliza kama umeme ule ulikuwa hasara.

Jambo moja walilolifanya lanipendeza hasa. Hawakungoja waya ufike kila nyumba. Walichagua mahali kama 300, yaani shule ndogo, kumbi za jamii na visiwa, wakapafikishia intaneti mapema, ili mwanakijiji asiye nayo nyumbani aweze kwenda kutuma fomu yake au kumsikiliza mwalimu wake.

Hata hivyo tusidanganyane. Kituo cha kazi hakimsaidii kila mtu. Mkunga hazalishi kwa intaneti, wala polisi hawezi kushika doria akiwa amekaa mezani. Anayefaidi kwanza ni karani, mhasibu, mfasiri, mtengenezaji wa programu; huyo naye, akihamia kijijini na mshahara wa mjini, aweza kupandisha kodi ya nyumba kwa mwenyeji aliyekuwapo. Na jengo lataka mtunzaji. Katika wilaya moja niliyopata kufanyia kazi, chumba cha kompyuta kilifunguliwa kwa hotuba na ngoma, kisha kikakaa na kufuli miezi mingi, kwa kuwa fungu la kununulia mashine lilikuwapo na fungu la kulipia umeme na msimamizi halikuwapo. Nilikuwa nikipita hapo kila asubuhi na kuona vumbi dirishani, na binti wa sajini mmoja alikuwa akija kuuliza lini watafungua, hata akaacha kuja.

Huko Leitrim, hesabu ya mwaka 2022 ilikuta watu zaidi ya 35,000, yaani wamezidi kwa elfu tatu hivi katika muda wa miaka sita. Haiwezekani kusema wote waliletwa na meza na waya, kwani maradhi ya korona nayo yaliwatoa wengi mijini. Lakini wamo waliorudi nyumbani kwa wazazi wao wakiwa na kazi zao mkononi.