Muda wa Ukokotozi na Mofolojia ya Kiswahili: Mipaka ya Uainishaji

Jina Oldeani, la mlima ulio karibu na kreta ya Ngorongoro na la makazi yaliyomo wilayani Karatu, limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mwanzi. Kompyuta inayochanganua Kiswahili haiijui historia hiyo. Ikikutana na silabi -ni mwishoni mwa neno, hulazimika kupima njia mbili: ama ni kiambishi cha mahali, kama katika shambani, ama ni sehemu ya shina, kama katika imani. Njia mbili si mzigo. Lakini panapokuwa na sehemu 10 zenye utata wa aina hiyo, njia huwa 1,024. Zikiwa 30, njia huzidi bilioni moja.

Nadharia ya uchangamani huainisha matatizo ya ukokotozi kwa kuangalia jinsi muda unavyoongezeka kadiri ingizo linavyokua. Yako matatizo ambayo jibu lake ni rahisi kuhakikiwa, lakini njia ya haraka ya kulipata katika kila hali haijapatikana. Wala haijathibitishwa kwamba haipo.

Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Finland aliasisi modeli ya mofolojia ya ngazi mbili, ambayo baadaye Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliitumia kuchanganua Kiswahili. Mwaka 1986 Edward Barton wa Marekani alithibitisha kwamba modeli hiyo, kwa ujumla wake, inaweza kubeba matatizo ya kundi hilo gumu. Je, Kiswahili nacho kimehukumiwa?

La hasha. Koskenniemi na Kenneth Church walijibu mwaka 1988 kwamba uthibitisho huo unahitaji sarufi yenye michakato ya tangamano isiyo na kikomo, ilhali lugha za wanadamu zina michache mno. Katika Kiswahili, pika huzaa pikia na soma huzaa somea: irabu ya mzizi huamua irabu ya kiambishi, basi. Neno likirefuka kuwa aliyewapikia, kazi huongezeka kidogo tu, haizidishwi maradufu.

Hivyo basi, kundi la ugumu hupima familia nzima ya sarufi zinazowezekana, zikiwemo zisizosemwa na yeyote. Halipimi lugha moja mahususi. Aidha, kasi si usahihi. Kompyuta yaweza kuipata haraka mizizi miwili ya Oldeani, mmoja ukiwa wa uongo. Kinachoondoa kosa hilo ni kidahizo katika kamusi, kilichoandikwa na mtu aijuaye nchi na lugha zake.