Kambi ya Jirani na Nairobi Huchaguliwa kwa Usiku Wake

Mkazi wa Nairobi ana bahati ambayo wakazi wa majiji mengi makubwa hawana. Kwa mwendo wa saa mbili hivi anaweza kuteremka Bonde la Ufa akalala kando ya ziwa, akapanda mlima wenye mbogo, au akalala kwenye nyika kavu penye mashoka ya mawe ya binadamu wa kale. Ndiyo maana likizo ikikaribia watu huniuliza swali lile lile: tupige kambi wapi? Nami kwanza huwauliza: mtafika saa ngapi?

Sikwepi swali lao. Hapa karibu na ikweta jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja mwaka mzima, na giza huingia upesi. Hema linalosimamishwa kwa mwanga wa tochi aghalabu husimama mahali pabaya, kwa kuwa mwenye kulisimamisha haoni tawi lililo juu ya kichwa chake wala njia yaliyopitia maji ya mvua iliyopita. Kwa hiyo umbali wa kambi naupima kwa saa za mwanga zinazobaki mtu akishafika, na napenda zisipungue mbili. Naivasha iko kilomita 90 hivi kutoka jijini. Jumamosi alfajiri safari hiyo ni nyepesi. Ijumaa jioni, mtu akitoka kazini na kuingia kwenye foleni ya Waiyaki Way, kisha akajikuta nyuma ya malori yanayoteremka Mai Mahiu, kilomita hizo hizo zinaweza kummalizia jioni yote. Kama lazima uondoke Ijumaa, lala nyumbani kwa jamaa au kwenye chumba cha kukodi usiku huo, uende kambini asubuhi.

Ukishafika, liache hema ndani ya gari. Zunguka kiwanja chote kwa miguu huku ukitazama chini. Maji huacha alama zake: majani na vijiti vilivyolala upande mmoja, mstari wa takataka kavu zilizonaswa kwenye vichaka, mizizi iliyofichuliwa, mchanga safi uliosombwa ukalundikana. Mara nyingi sehemu iliyo tambarare kabisa, yenye mchanga laini unaovutia kuliko kwingine, ni njia ya kijito cha msimu. Mahali pazuri ni mwinuko mdogo wenye mteremko usiozidi kiasi cha kukufanya ubingirike usingizini, na kichwa chako kielekee upande wa juu.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu limeua watu mahali ambapo familia za Nairobi huenda kila wikendi. Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mwaka 1984, ina korongo liitwalo Ol Njorowa, lililochongwa na maji yaliyokuwa yakitoka katika ziwa la kale lililokuwa kubwa kuliko Naivasha ya leo. Kuta zake ni ndefu na zimekaribiana sana. Mvua inaponyesha kwenye miinuko iliyo mbali na korongo, maji yote hukusanyika na kupita katika mfereji huo mwembamba, nayo hupanda kwa dakika chache huku anga iliyo juu ya mgeni ikiwa haijadondosha tone. Mapema Septemba 2019 watu saba walifia humo kwa mafuriko ya ghafla. Tuuangalie mwezi huo: Septemba si masika wala si vuli. Anayesema "mvua zimekwisha, hakuna shida" anasoma kalenda, na korongo halisomi kalenda. Ukiona wingu zito upande wowote wa milima, usishuke humo siku hiyo, hata kama umelipa kiingilio na watoto wanalia.

Kambi za hifadhi hiyo, kwa bahati nzuri, ziko juu, mbali na sakafu ya korongo. Mimi huipendelea Naiburta, iliyo kwenye mwinuko upande wa kaskazini, ambako mtu huamka akaona magenge mekundu na ule mwamba mrefu wa Fischer's Tower, uliopewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huko mwaka 1883. Hell's Gate ina sifa moja adimu katika hifadhi za Kenya: unaruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, swala na twiga. Asiye na gari anaweza kupanda matatu hadi mji wa Naivasha, akapanda nyingine ya barabara ya kusini mwa ziwa, akashuka kwenye njia panda ya hifadhi na kukodi baiskeli hapo. Kwa kijana mwenye mshahara wa kwanza sijui kambi bora kuliko hiyo karibu na jiji. Udongo wake lakini ni majivu ya volkeno, mwepesi kama unga, na vigingi vifupi vinavyouzwa pamoja na mahema ya bei nafuu hung'oka upepo wa alasiri ukianza. Beba vigingi virefu, au funga kamba kwenye mawe mazito.

Kando ya ziwa lenyewe mambo ni mengine. Kambi za binafsi za Naivasha zina migunga yenye magome ya manjano, maji ya bomba na mkahawa, na hapo ndipo wengi huanzia. Anayekwenda ajue mambo mawili. La kwanza ni kiboko. Mchana anaonekana mzembe majini, lakini usiku hutoka na kula nyasi kilo 40 hivi, akifuata njia zake alizozizoea. Ukiona karibu na maji nyasi fupi zilizosawazishwa vizuri, usidhani ni kazi ya mtunza bustani peke yake. Kambi ya kuaminika ina waya wa umeme kati ya mahema na ufuo, na mlinzi anayezunguka usiku. Uliza waya huwashwa saa ngapi, kisha wakanye watoto wasiuvuke kabla ya asubuhi. Mtu akisimama kati ya kiboko na maji, kiboko hatafuti njia ya kuzunguka.

La pili ni ziwa kupanda. Maji ya Naivasha yamepanda sana tangu mwaka 2020, yakafunika bustani, nyumba na viwanja vya kambi. Ushahidi wake ni migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini: pale ndipo ulipokuwa ufuo. Picha nzuri uliyoiona kwenye simu huenda ilipigwa mahali ambapo leo ni maji. Tena mgunga uliokufa huangusha matawi bila upepo wala onyo, na hata ulio hai huwa na tawi moja au mawili makavu. Kabla ya kuchagua kivuli, inua macho. Heri hema lichomwe na jua la saa nne kuliko kulala chini ya tawi kavu lenye unene wa paja.

Somo la ufuo limezidi kudhihirika tangu mvua za mwaka 2024. Mwisho wa Aprili mwaka huo mafuriko yalisomba makazi karibu na Mai Mahiu na kuua makumi ya watu, na siku hizo hizo mto Talek ulivunja kingo zake huko Maasai Mara, wageni wakaokolewa kwa helikopta kutoka kambi zilizojaa maji. Zile zilikuwa kambi za kifahari, zenye wafanyakazi na vitanda. Fedha hazikuzihamisha kutoka ukingoni mwa mto. Ninapotafutia kikundi kambi katika miezi ya Machi hadi Mei, mandhari ya maji huwa sababu ya kuendelea kutafuta kwingine.

Watu wa Nairobi hushangazwa zaidi na baridi. Joto hupungua kwa nyuzi sita au zaidi kidogo kila ukipanda mita 1,000, kwa hiyo misitu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kama Kereita, huwa na baridi kali kuliko jiji, na Julai ukungu hushinda humo hadi saa tatu asubuhi. Lakini hata chini bondeni usiku unaweza kuuma. Hewa iliyopoa ni nzito, nayo huteremka polepole ikatuama penye kina, hivi kwamba hema lililo kwenye mwinuko katikati ya mteremko hupata usiku wenye nafuu kuliko la jirani aliye chini kabisa, hatua mia moja tu kutoka hapo. Kileleni nako kuna upepo, kama ajuavyo yeyote aliyesimama kwenye milima ya Ngong karibu na mitambo ya umeme wa upepo. Katikati ya mteremko, basi. Na kumbuka kuwa ardhi hukunyang'anya joto kuliko hewa: blanketi la pili chini ya mgongo lina faida kuliko la tatu juu ya kifua.

Baridi hiyo ndiyo huwafanya watu waingize jiko la makaa ndani ya hema. Nasema bila kupunguza neno: hiyo ni njia ya kufa. Makaa yanayowaka taratibu hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala hapati nafasi ya kuamka na kulalamika. Kufungua zipu kidogo hakutoshi. Chemsha maji nje, yatie kwenye chupa imara, ifunge vizuri na uiweke miguuni ndani ya mfuko wa kulalia. Jiko libaki nje, hata kama mvua inanyesha.

Asiyependa baridi ashike barabara ya Magadi. Kutoka milima ya Ngong barabara huporomoka hadi Olorgesailie, kilomita 70 hivi kutoka Nairobi, na mtu huvua sweta njiani. Hapa Louis na Mary Leakey walifanya uchunguzi katika miaka ya 1940, na mashoka ya mawe yenye umri wa mamia ya maelfu ya miaka bado yamelala pale pale yalipokutwa, na wageni huyatazama wakiwa juu ya daraja la mbao. Panasimamiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pana mabanda madogo na nafasi ya mahema. Naipenda Olorgesailie kuliko kambi zote nilizozitaja, kwa ukimya wake na kwa nyota zake, kwani mwanga wa jiji umezuiwa na milima ya Ngong. Lakini si kambi ya mtu asiyejiandaa. Kivuli ni haba, mchana ni mkali, na maji uende nayo: nahesabu lita tano za kunywa na kupikia kwa kila mtu kwa siku, na dumu moja zaidi kwa ajili ya gari likiharibika. Kung'uta viatu kabla ya kuvivaa, kwa sababu nge hupenda mahali penye giza. Na jiwe lolote liache lilipo, hata likionekana la kawaida.

Mbogo wanapatikana Ol Donyo Sabuk, mlima wa mita 2,145 upande wa Thika ambao wengi huuita Kilimambogo, na jina hilo halikutolewa bure. Haupandwi kwa miguu bila askari wa wanyamapori. Kwa familia yenye watoto wadogo ningeuweka nyuma ya Hell's Gate.

Katika hifadhi za taifa, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lina kambi za aina mbili. Kambi ya umma unaichangia na wengine na huwa na choo na pengine maji. Kambi maalumu huwekwa kwa ajili ya kikundi chako peke yake, lakini mara nyingi hukuti kitu zaidi ya ardhi na miti. Wengi hulipia hii ya pili wakidhani ni ya hadhi ya juu, wakafika bila hata jembe la kuchimbia choo. Malipo hupita eCitizen, kwa hiyo yakamilishe ukiwa bado na mtandao. Kwa kambi ya binafsi piga simu, usitosheke na picha. Uliza maji yanatoka wapi, nani hulinda usiku, hospitali iliyo karibu iko umbali gani, na muziki huzimwa saa ngapi. Swali hilo la mwisho lina uzito wake. Kambi nyingi karibu na jiji hugeuka kumbi za sherehe wikendi, hasa wakati wa mashindano ya magari ya Safari Rally, na aliyekuja kusikiliza fisi hukesha akisikiliza spika. Mwenye kambi akikujibu kwa kusitasita, umeshapata jibu.

Tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi, zikiwemo chupa za maji za dukani, sahani na vijiko. Beba maji katika dumu na kila mtu awe na chupa yake ya kudumu. Chakula kifungiwe garini, kwa kuwa nyani na tumbili wa kambi zilizozoea wageni hufungua zipu kwa ustadi, na kila mkate wanaoupata huwafanya wawe wakali zaidi kwa watoto wa mgeni anayefuata. Pasipo na choo, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, hatua 70 au zaidi kutoka kwenye maji yoyote, na ulifukie. Moto umwagie maji, koroga majivu, umwagie tena, kisha gusa kwa kiganja. Kama bado pana joto, hujamaliza.

Kisha ondoka Jumapili kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo magari yote ya wikendi huelekea Nairobi kwa wakati mmoja, na kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa jioni, ukungu ukianza kushuka na dereva akiwa amechoka, ni hatari kuliko usiku wowote utakaolala hemani.