Raketi Inakuteleza Mkononi? Kabla Uchomoe Doh ya Mpya, Badilisha Gripu

Kama umeanza kucheza tenisi juzi, ama uko na raketi ya mtumba imeegemea ukuta kejani ikingoja weekendi, hii story ni yako. Tangu Angella Okutoyi achukue taji la Wimbledon la wasichana chipukizi upande wa dabo mwaka wa 2022, akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, tunajua mtoto wa Kenya anaweza fika huko juu. Lakini wengi wetu hatuna raketi tatu kwa begi. Tuko na moja, na ikianza kusumbua tunadhani imekufa.

Mara nyingi haijakufa. Kitu imekufa ni gripu, ile kitu imezungushwa kwa mpini.

Fikiria hivi: kwa raketi yote, mkono wako unagusa mahali pamoja tu. Nyuzi zinaguswa na mpira, fremu inapigwa na upepo, lakini wewe unashika gripu. Ikiwa imeisha, raketi inazunguka kidogo kila ukigonga mpira. Mwili unajibu kwa kukaza mkono. Unafinya kama mtu ameshika chuma ya mathree ya Rongai saa moja jioni. Ukifinya hivyo saa mbili mfululizo, misuli ya mkono wa mbele inachoka, mpira unaenda ovyo, na siku ingine unaamka kiwiko kinauma. Wasee wengi wameacha mchezo hapo, wakisema tenisi si yao, na kumbe ilikuwa kitu ya kubadilisha kwa dakika kumi na tano.

Kwanza, kuna gripu mbili tofauti

Hapa ndio watu huingia box dukani. Unaitisha gripu, unapewa kitu nyembamba kama karatasi, unafika home inakataa kufanya kazi.

Ya kwanza ni gripu ya msingi. Hii ndio inakaa moja kwa moja kwa mpini. Ni nene, kwa kawaida kati ya milimita 1.5 na 2, na nyingi ziko na gundi upande wa nyuma. Ndio inaleta ule ulaini mkono unasikia.

Ya pili ni ovagripu. Hii ni nyembamba sana, kama nusu milimita, na inazungushwa juu ya ile ya msingi. Kazi yake ni jasho na mshiko. Haikai sana. Wasee wa profesheno hubadilisha kila mara, wengine hata katikati ya mechi.

Sasa utajuaje yako ni gani imeisha? Toa ovagripu kama iko, kisha bonyeza ile ya chini na kidole gumba. Ikirudi juu polepole kama sponji, bado iko sawa, nunua ovagripu tu uende zako. Ikiwa ngumu kama mbao, imelala, inang'aa, inamomonyoka ama inanuka kama soksi za boarding, hiyo ni ya kung'oa. Kuweka ovagripu mpya juu ya gripu iliyokufa ni kama kupaka rangi ukuta wenye unyevu. Wiki mbili, mnarudi pale pale.

Na usifunge ovagripu juu ya ovagripu juu ya ovagripu. Mpini wa raketi si wa mviringo, uko na pande nane. Hizo pande ndizo zinaambia mkono wako uko wapi bila wewe kuangalia. Ukihesabu kutoka ile ya juu kabisa raketi ikiwa imesimama kwa ubavu, na wewe unatumia mkono wa kulia, kifundo cha chini cha kidole cha shahada kikikaa upande wa pili uko tayari kwa sevu na voli. Upande wa tatu ni forihendi ya kawaida, na wa nne ni ile forihendi ya kuzungusha mpira wenye wengi siku hizi wanapenda. Ukijaza matabaka, kona zinapotea, mpini unakuwa kama chupa ya soda, na mkono hauna rada tena.

Saizi: usikisie

Raketi za watu wazima huja na saizi za mpini, na zimeandikwa chini pale kwa kifuniko ama juu kidogo ya gripu. Utaona namba kutoka 0 hadi 5. Saizi 2 ina mzunguko wa inchi 4 na robo, kama milimita 107 hivi. Saizi 3 ni inchi 4 na 3/8, kama milimita 110. Kila hatua ni milimita 3 hivi. Inakaa kidogo, lakini mkono unaisikia vizuri sana.

Kupima yako chukua rula. Kunjua kiganja. Utaona mistari mitatu mikubwa. Weka mwanzo wa rula kwa ule mstari wa katikati, upande ulio sambamba na kidole cha pete, upime hadi ncha ya hicho kidole. Ukipata milimita 107, wewe ni saizi 2. Easy.

Kama huna rula, shika raketi vile unashika ukienda kupiga forihendi. Kati ya ncha za vidole vyako na ile nyama ya chini ya kidole gumba kunabaki nafasi. Ingiza kidole cha shahada cha mkono mwingine hapo. Kikitosha sawasawa, uko fiti. Kisipoingia, mpini ni mdogo. Kikibaki na nafasi ya kucheza densi, mpini ni mkubwa.

Kwa nini hii inahusu gripu? Juu gripu inaweza kubadilisha saizi. Ovagripu moja inaongeza karibu nusu saizi. Gripu nene ya msingi inaongeza kidogo, nyembamba inapunguza kidogo. Kupanua mpini ni rahisi, kuupunguza ni ngori, huwezi ukachonga raketi na kisu. Kwa hivyo kama uko katikati ya saizi mbili, ama unachagua raketi ya mtumba, beba ile ndogo. Utaijaza mwenyewe.

Sasa chagua: ngozi, sponji ama ya mashimo?

Hakuna gripu moja bora. Kuna mkono wako, jasho lako na mahali unachezea. Jiulize maswali matatu.

*Mkono unauma?* Kama kiwiko ama kifundo kinalalamika, tafuta gripu ya sintetiki yenye mto, ile ya kubonyea. Inameza kiasi cha ule mtetemo mpira ukigonga vibaya. Hizi ndizo nyingi dukani na ndizo raketi nyingi huja nazo. Babolat Syntec na Head Hydrosorb ni mfano. Lakini tusidanganyane, gripu si daktari. Kiwiko kinaweza kuuma juu ya nyuzi ngumu sana, raketi nzito, mbinu mbovu ama kucheza kila siku bila kupumzika. Kama maumivu yanakaa wiki baada ya wiki, enda uonekane hosi.

*Unataka kusikia raketi?* Hapo ni ngozi. Gripu ya ngozi ni nyembamba na ngumu, zile kona nane zinajitokeza wazi, na kila mpira unausikia mpaka kwa mfupa. Roger Federer alikuwa wa ngozi, na ovagripu juu yake. Lakini ngozi ni nzito kuliko sintetiki, kama gramu 10 hivi. Uzito huo unakaa chini kwa mpini, kwa hivyo kichwa cha raketi kinahisi chepesi zaidi. Wasee wa nguvu hupenda hiyo. Kama wewe ni mgeni na mkono wako bado laini, ngozi itakufunza adabu. Bei yake pia iko juu.

*Unatoka jasho aje?* Hii ndio swali wengi husahau. Msee anacheza Mombasa saa kumi, na unyevu wa bahari, hawezi shika gripu sawa na msee wa Nairobi asubuhi ya Julai, pumzi ikitoka kama moshi. Kama mikono yako inamwaga maji, chukua gripu ya msingi yenye mashimo madogo, halafu juu weka ovagripu kavu, ile inasikika kama kitambaa. Tourna Grip, ile ya rangi ya samawati, ni maarufu kwa hiyo kazi: ikipata unyevu ndio inazidi kushika. Kama mikono yako ni mikavu, chukua ovagripu ya kunata kama Yonex Super Grap ama Wilson Pro. Ukikosea hapa, utajua. Ya kunata ikijaa jasho inakuwa sabuni, na ile kavu kwa mkono mkavu inateleza kama gazeti.

Mtego wa mtumba

Raketi ya mtumba inaweza kuwa dili moto kabisa. Fremu nzuri inaishi miaka. Lakini gripu yake huwa imekaa na jasho la mtu mwingine, ikalala stoo, ikapigwa na joto njiani. Ndio maana unaishika na inakuachia unga mweusi mkononi. Usiogope na usiiache kwa sababu hiyo. Hiyo ndio sababu ya kuitisha bei ishuke. Angalia fremu kama ina nyufa, angalia saizi ya mpini, halafu hesabu bei ya gripu mpya ndani ya bajeti.

Kitu moja usifanye: usizungushe teipu ya stima. Najua iko kila kioski. Lakini ile plastiki hainyonyi jasho hata tone, haina mto, na kwa jua gundi inatoka pembeni na kushika vidole. Raketi ikikuponyoka katikati ya sevu, mwenzako upande ule mwingine ndiye atakuambia vizuri.

Jinsi ya kuifunga mwenyewe

Si lazima umpelekee fundi. Cheza mos mos.

1. Kabla ung'oe ya zamani, piga picha na simu. Angalia ilizunguka upande gani na ilianza wapi. Kama unatumia mkono wa kushoto na raketi ilikuwa ya mtu wa kulia, utageuza upande.

2. Sukuma juu ile pete ya raba. Usiitupe, utaihitaji. Ng'oa teipu ya juu, halafu zungusha gripu ya zamani itoke. Chini kunaweza kuwa na pini ndogo ya chuma. Itoe na plaisi, si na meno.

3. Toa mabaki ya gundi na vidole ama kitambaa kikavu. Wacha thina na petroli kabisa, juu mipini mingine imetengenezwa na povu gumu na utaila.

4. Gripu mpya iko na ncha moja iliyochongwa nyembamba. Hiyo ndio inaanza chini, kwa kifuniko. Usibandue karatasi yote ya gundi mara moja, bandua ukienda.

5. Zungusha ukivuta kiasi, si kama unafunga mbuzi kwa pikipiki. Kingo zikutane ama zilaliane kidogo tu, kama milimita 2. Ukiacha pengo, utalisikia kila siku. Ukilaza sana, utapata vilima.

6. Ukifika juu, weka alama, kata kwa mshazari ili mwisho ukae sawa, funga na ile teipu imekuja na pakiti, kisha rudisha pete ya raba.

7. Ishike. Zungusha raketi mkononi. Ukisikia kona zote nane na hakuna mahali panajikunja, umemaliza. Kama kuna shida, fungua saa hiyo hiyo. Gundi ikishakaa hairudi vizuri.

Doh iende wapi kwanza?

Kama bajeti imebana, na kwa wengi imebana, mpangilio ni huu. Gripu ya msingi imekufa? Anza nayo, moja nzuri ya sintetiki, na utakaa nayo muda mrefu kama unaikinga na ovagripu. Halafu nunua pakiti ya ovagripu, kwa kawaida zinakuja tatu, mgawane na mbogi yako. Ngozi na mbwembwe zingine zitangoja. Baada ya kucheza, usifungie raketi ikiwa na jasho ndani ya begi ama kuiacha kwa gari jua kali. Ianike kivulini kwanza. Hiyo haigharimu hata bob.

Na ukirudi uwanjani na gripu mpya, jaribu hii kitu: kati ya mpira mmoja na mwingine, legeza vidole kabisa. Shika raketi kama umeshika ndege mdogo, asitoroke na asiumie. Kama unaweza kufanya hivyo na raketi isizunguke, ulichagua vizuri. Kama bado unafinya, rudi kwa yale maswali matatu, anza na la jasho.