Kijana Akiuliza Twendapi

Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla wa Mombasa, akiwa kijana wa miaka 22, aliandika waraka wa Kenya: Twendapi? kuilaumu serikali ya Jomo Kenyatta kwa jinsi ilivyokibana chama cha upinzani cha KPU. Alifungwa toka 1969 hadi 1972. Gerezani alitunga mashairi na kuyaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, kisha yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yule yule.

Wakubwa wengi husema kijana angoje akomae ndipo aseme mambo ya siasa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa: mwenye miaka 22 hajaongoza wizara, na hasira zaweza kumpoteza. Lakini kuuliza nchi inaelekea wapi hakuhitaji uzoefu wa kutawala, kunahitaji macho na kusoma. Abdilatif alikulia katika ushairi wa pwani, ambao ulishabeba siasa tangu enzi za mshairi Muyaka. Katika shairi lake la “Mnazi: Vuta N’kuvute”, ndugu wawili wanagombea mnazi, mmoja yuko juu, mwingine chini anadai haki yake. Hatajwi waziri hata mmoja, ila ugomvi wa nchi changa unaonekana wazi. Hasira tupu haitungi hivyo. Basi mzazi, mwalimu, mwanao akikuuliza juu ya serikali, mjibu, kisha mtafutie kitabu.