Soma Pakiti Kabla ya Kununua Pampasi

Siku hizi pampasi zinauzwa hata katika maduka ya vijijini. Jina hilo limetokana na Pampers, aina iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1961. Leo aina ni nyingi. Je, mama achague ipi?

Kwanza, tazama uzito. Kwenye pakiti huandikwa kilo za mtoto. Chukua kadi ya kliniki, soma uzito wa mtoto wako, kisha linganisha. Usifuate umri. Pampasi ikiacha alama mapajani, inabana. Ikimpwaya, itavuja.

Pili, piga hesabu. Tuseme pakiti ya pampasi 10 ni shilingi 5,000. Kila moja ni shilingi 500. Pakiti ya 40 ikiwa shilingi 16,000, kila moja ni shilingi 400. Lakini usikimbilie pakiti kubwa. Nunua chache kwanza. Mtoto akitoka vipele, acha aina hiyo.

Tatu, usidanganywe na ukavu wa juu. Ndani mna chembe zinazonyonya mkojo na kuugeuza kama uji mzito. Mkojo bado umo! Hakuna aina ya kuvaliwa kutwa nzima, hata iwe ya bei kubwa. Mbadilishe kila baada ya saa 3 hivi, na mara tu akipata haja kubwa. Kinyesi kitupe chooni, lakini siyo pampasi. Haiozi upesi, na choo kitajaa.

Fedha isipotosha, nepi ya kitambaa si aibu. Ifue kwa sabuni, uianike juani. Mtoto anachotaka ni kuwa mkavu na safi.