Gari Mjini London: Nani Analipa?

Ndugu wafanyakazi, wapo wenzetu wanaotumwa London kwa mikutano, maana huko ndiko yaliko makao makuu ya Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi. Wengine wana jamaa zao huko. Anayefikiria kuendesha gari mjini humo na ajue mambo haya.

Magari hupita kushoto, kama Kenya, Uganda na Tanzania. Mwenzetu wa Rwanda, Burundi au Kongo, aliyezoea kulia, ajihadhari.

Kuingia katikati ya mji kuna ushuru. Ulianza tarehe 17 Februari 2003 kwa pauni 5 kwa siku. Tangu Januari 2026 ni pauni 18. Hakuna kizuizi wala karani barabarani. Kamera husoma nambari ya gari, na ni juu ya dereva kukumbuka kulipa. Asipolipa, faini humfuata mwenye gari kwa barua. Gari kuukuu lenye moshi mchafu hutozwa pauni 12.50 zaidi, na tangu Agosti 2023 sheria hiyo imeenea London nzima.

Ukitaka kuegesha, tazama kando ya barabara. Mistari miwili ya manjano maana yake usiegeshe saa yoyote. Ukiona mmoja, soma kibao ujue saa zilizokatazwa. Mistari miwili myekundu, hata kusimama ni marufuku.

Sasa tulitazame jambo hili kwa macho ya mfanyakazi. Mkurugenzi na mfagiaji wa ofisi hulipa ushuru ule ule. Kwa mwenye mshahara wa kima cha chini, pauni 18 ni zaidi ya malipo ya saa nzima ya kazi. Siku za kazi ushuru huanza saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni. Basi mfagiaji wa usiku akichelewa kutoka nyumbani kwake hadhuriki, lakini wa mchana hana pa kukwepea.

Hata hivyo haki isemwe. Sheria yataka fedha hizo zitumike kwa usafiri, na siku ile ushuru ulipoanza yaliongezwa mabasi yapatayo 300. Kwa hiyo mgeni aache gari, apande basi au treni. Nasi, siku wakuu wa miji yetu watakapotaka ushuru wa namna hii, tuwaulize kwanza: mabasi ya wafanyakazi yako wapi?