Barabara na Magari ya Abiria: Kazi ya Kaunti na Haki ya Mkulima

Mkulima aweza kuwa na ng'ombe wazuri, viazi vikubwa na kabichi nzito, lakini kama gari halifiki shambani kwake, mali hiyo yote ni hasara. Kule Kinangop, katika kaunti ya Nyandarua, mvua ikinyesha siku mbili tatu mfululizo, udongo hugeuka matope na lori la viazi hukwama. Maziwa ya jioni yasiyopozwa huchacha kabla ya kufika kituo cha maziwa. Mnunuzi naye akijua kwamba njia ni mbaya, hupunguza bei, maana gharama ya kukwama huitoa katika mfuko wa mkulima.

Tena si mali tu inayopotea. Mzee asiyeweza kuinua mguu hadi ngazi ya gari, mama mjamzito ambaye siku zake zimekaribia, mtu asiyeona, na mtoto aendaye shule kwa kiti cha magurudumu, wote hawa huachwa njiani gari likiwa na haraka. Watu wengi husema, "Ndivyo dunia ilivyo." Sivyo. Jambo hili lina wenyewe, nao waweza kuulizwa. Makusudi ya makala hii ni kueleza wenyewe ni nani, na ni wakati gani yafaa kuwauliza.

BARABARA ZILIVYOHAMA MIKONO

Skimu za makazi za eka milioni moja zilianza mwaka 1962. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, mabaraza ya kaunti ya wakati ule ndiyo yaliyotunza barabara nyingi ndogo, pamoja na shule za msingi na zahanati. Kisha sheria ya mwaka 1969 ikayaondolea kazi hizo, na tangu mwaka 1970 zikawa mikononi mwa Serikali Kuu. Basi kwa muda wa miaka zaidi ya arobaini, mkulima aliyetaka kalvati moja tu alingoja neno kutoka mbali.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadili mambo. Katika Jedwali lake la Nne, kaunti zimepewa barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho ya magari, na usafiri wa abiria wa barabarani. Serikali za kaunti zilianza kazi baada ya uchaguzi wa mwezi wa Machi 2013. Kwa hiyo barabara nyingi zipitazo kati ya mashamba, na stendi za magari sokoni, ni kazi ya serikali iliyo karibu nawe.

NANI HUFANYA NINI

Yafaa kuelewa mgawanyo huu vizuri, maana ombi likipelekwa pasipofaa hulala ndani ya kabati.

Barabara kuu za taifa hazimo mikononi mwa kaunti. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mashirika matatu: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa barabara za mijini, na KeRRA kwa barabara za mashambani. Kwa hiyo yawezekana barabara moja iliyo karibu nawe ni ya KeRRA, na ile inayotoka humo kuingia kijijini ni ya kaunti. Uliza kwanza katika ofisi ya msimamizi wa wadi.

Leseni ya gari la abiria hutolewa na NTSA, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Gari likiwa bovu au likijaza watu kupita kiasi, hilo ni neno la NTSA na la polisi. Nauli ya matatu haipangwi na kaunti, bali hupangwa na wenye magari wenyewe.

Kaunti ndiyo yenye kusema stendi iwe wapi na ijengwe namna gani. Gavana na mawaziri wake wa kaunti hufanya kazi hiyo, na Bunge la Kaunti huwaangalia. Maana ya kuangalia ni hii: wawakilishi wa wadi hupitisha makadirio ya fedha, huwaita maafisa kuulizwa, na hujadili taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mkaguzi huyo hupaswa kutoa taarifa yake katika miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha. Kama makadirio yalisema kalvati limelipiwa, na wewe kila siku wavuka maji kwa miguu, Bunge la Kaunti ndilo mahali pa kuuliza kalvati hilo limekwenda wapi.

GARI NA STENDI VYA KILA MTU

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Wakenya wapatao laki 9 wenye umri wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu. Ongeza wazee, wajawazito, na mtu aliyevunjika mguu kwa kuanguka juu ya lori la nyasi, nawe utaona kwamba karibu kila nyumba ina mtu ambaye ngazi ya gari ni mlima kwake.

Kifungu cha 54 cha Katiba chasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa abiria kwa njia ifaayo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliwataka wenye magari ya abiria wayarekebishe, na sheria mpya ilitungwa mwaka 2025 kuchukua mahali pake. Hata hivyo magari mengi bado yana mlango mwembamba na ngazi ya juu, na kuna makanga wanaodai nauli ya pili kwa ajili ya kiti cha magurudumu kana kwamba ni gunia la mahindi. Kiti kile ni miguu ya mtu. Hakuna atozwaye nauli kwa miguu yake.

Kaunti haiwezi kuyajenga upya magari yote kwa siku moja, lakini stendi ni yake, na kuitengeneza vizuri si kazi ya ajabu. Jukwaa la kungojea likiinuliwa, ngazi ya gari huwa fupi. Njia ya kupandia jukwaa hilo iwe na mteremko wa taratibu, kipimo cha 1 kwa 12: kwa kila sentimita 1 ya kwenda juu, ziwe sentimita 12 za kwenda mbele. Hivyo jukwaa la sentimita 30 lataka mteremko wa mita 3 na sentimita 60. Mteremko ukiwa mkali kuliko huo, mwenye kiti hawezi kupanda peke yake, na akishuka aweza kuanguka. Mteremko huo huo humfaa pia mama mwenye mkokoteni wa maziwa.

MAJIRA YA KUOMBA

Mkulima hapandi mahindi mvua ikiisha. Fedha za kaunti nazo zina majira yake, yaliyowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012.

Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Hapo ndipo barabara hutajwa kwa mara ya kwanza. Mwelekeo wa fedha hupelekwa kabla ya tarehe 28 Februari. Makadirio yenyewe hupelekwa kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai.

Katika kila hatua sheria yataka wananchi wasikilizwe. Lakini watu wengi hawaendi mikutanoni. Hungoja hadi lori limekwama mwezi wa Novemba, ndipo waanze kupiga kelele. Wakati huo fedha zimekwisha kugawanywa. Mwenye kusema mwezi wa Agosti husikiwa kuliko mwenye kulia mwezi wa Novemba.

JINSI YA KUPELEKA OMBI

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yampa kila mtu haki ya kupeleka ombi katika Bunge la Kaunti. Fanyeni hivi:

1. Kutaneni wakulima wote mnaotumia barabara hiyo. Msiwasahau wazee na watu wenye ulemavu. Kama hawawezi kufika mkutanoni, mkutano na uwaendee. Wao ndio wajuao vema pale panapowashinda.

2. Pimeni. Andikeni barabara ina urefu gani, kalvati latakiwa mahali gani, nyumba ngapi zaitumia, lita ngapi za maziwa hupita kila siku, na ni watu wangapi hawawezi kupanda gari stendini. Maneno "barabara yetu ni mbaya sana" husemwa na kila mtu. Hesabu hushika.

3. Ombeni jambo moja au mawili, tena yenye mahali na kipimo. Tieni sahihi zenu.

4. Pelekeni nakala mbili, na ya kwenu ipigwe muhuri wenye tarehe. Iwekeni pamoja na vitabu vya chama chenu cha ushirika.

5. Fuatilieni. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yamtaka afisa ajibu ombi la habari katika siku 21. Ulizeni kama kazi yenu imo katika makadirio, nani amepewa, na kwa fedha kiasi gani.

Kwa habari ya magari, semeni pia na chama cha wenye matatu. Jina la chama huandikwa ubavuni mwa gari. Abiria akikataliwa au akitozwa kwa ajili ya kiti chake, aandike jina hilo, nambari ya gari, siku na saa. Chama kinachojua kwamba wakulima mia wanaandika, kitawafundisha makanga wake adabu.

NA SISI PIA

Barabara huuawa na maji. Barabara nzuri huwa imeinuka katikati ili maji yaelekee pembeni, nayo mitaro huyachukua hadi kwenye kalvati. Mkulima akilima mpaka ukingoni, akaziba mtaro ili apate njia ya kuingia kwake, au akayaachia maji ya shamba lake yaelekee barabarani, anaiharibu kwa mkono wake ile kazi anayoiomba kwa kalamu. Mwenye lori naye asilijaze kupita kiasi, hasa wakati wa matope.

Basi tuzibue mitaro yetu kabla ya mvua, na ombi letu lifike kabla ya makadirio kufungwa. Ofisi ya msimamizi wa wadi ndiyo mahali pa kuanzia. Waulizeni hapo mkutano ujao wa makadirio ni lini, kisha mwambieni na jirani asiyeweza kutembea, mfikirie pamoja namna ya kumfikisha.